Mahali pa Sinema na Mahali pa Kweli

Safari ziko za namna nyingi. Mmoja asafiri kwa biashara, mwingine kwa msiba, mwingine kwa kuhiji. Siku hizi imezuka safari ya namna nyingine tena: watu hulipa nauli, hupanda ndege na basi, wapate kuona kwa macho yao mahali zilipopigwa picha za sinema au za televisheni. Hawaendi kununua kitu, wala kumwona ndugu. Wanakwenda kusimama mbele ya nyumba waliyoiona katika kioo na kusema: Kumbe, ni hapa!

Nchi inayosifika sana kwa safari hizo ni Uingereza. Huko mashambani ziko nyumba kubwa za mawe, makanisa ya kale, na vijiji ambavyo havikugeuka sana kwa miaka mia nyingi, na wapigaji wa sinema wanavipenda. Jumba moja, Highclere Castle katika jimbo la Hampshire, lilipigwa picha kwa ajili ya masimulizi ya televisheni yaitwayo Downton Abbey, yaliyoonyeshwa tangu mwaka wa 2010 hata 2015. Tangu hapo watu wa nchi nyingi wamelitembelea jumba hilo.

Mtoto wa shangazi yangu anafanya kazi ya uuguzi katika nchi hiyo. Siku moja ya mapumziko alikwenda pamoja na wenzake kwa basi mpaka kijiji kiitwacho Lacock, kisha akaniletea picha kwa simu. Nilipoziona nilitamani kujua habari za mahali hapo, nikazitafuta. Lacock palikuwa na abasia ya watawa wa kike, iliyoanzishwa na mjane mmoja mkubwa, Ela wa Salisbury, mwaka wa 1232. Watawa walikaa hapo, wakasali na kufanya kazi zao, muda wa miaka 300 na zaidi, mpaka mwaka wa 1539, Mfalme Henry VIII alipozifunga nyumba za watawa katika nchi yake. Abasia ikauzwa, ikawa nyumba ya tajiri. Mwaka wa 1835 mwenye nyumba hiyo, William Henry Fox Talbot, alipiga picha ya dirisha moja la humo, na picha hiyo ndiyo negativu ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani. Mwaka wa 1944 nyumba na kijiji vilitolewa kwa chama cha National Trust, chenye kazi ya kutunza mambo ya kale. Baadaye walikuja watu wa sinema. Katika ua ule wenye matao ya mawe, ambapo watawa walikuwa wakipita kwenda kusali, walipiga picha za Harry Potter, yule mtoto mchawi wa hadithi. Na katika njia za kijiji walipiga picha za Pride and Prejudice ya mwaka wa 1995.

Ndugu yangu aliniambia kwamba wengi waliokuwa katika basi lao walitafuta kwanza pale alipopita Harry Potter. Habari za mjane Ela na watawa wake walizisikia baadaye, kwa kuwa mwenye kuwaongoza aliwaeleza. Wengine wangesikitika kwa jambo hilo. Mimi nasema, afadhali hivyo. Walivutwa na hadithi ya kubuniwa, lakini miguu yao ilikanyaga mahali pa kweli, na alikuwapo mtu wa kuwaeleza. Pesa wanazolipa mlangoni zinasaidia kutengeneza paa na kuta.

Sasa tugeuze uso kwetu, Katanga. Je, sisi nasi tunapo mahali pa namna hiyo? Tunapo, tena karibu sana. Lakini kwetu mambo yamekwenda kinyume: jambo lilitokea hapa, sinema ikapigwa kwingine.

Tuanze na habari ya zamani. Mwaka wa 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, Waingereza walitaka kuwaondoa Wajerumani katika ziwa Tanganyika. Walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou. Zilitoka Cape Town kwa gari moshi, zikapita Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka Fungurume. Hapo reli ikaisha. Ndipo zikakokotwa kwa mashini za mvuke na kwa ng'ombe kupita milima ya Mitumba, na watu wa nchi hii wakikata miti na kujenga madaraja mengi, mpaka zikafika Sankisia, na Bukama, na mwisho ziwani. Jambo hilo ndilo lililompa mwandishi C. S. Forester wazo la kitabu chake cha mwaka wa 1935, The African Queen. Mwaka wa 1951 Mmarekani John Huston akakifanya sinema. Alileta watu wake Kongo kweli, lakini si Katanga: walipiga picha katika mto Ruiki, karibu na Ponthierville, mji uitwao leo Ubundu, na sehemu nyingine Uganda. Katika sinema mto huo waitwa Ulanga, na nchi ni ile ya Wajerumani ya Afrika ya Mashariki. Mtazamaji hawezi kujua kwamba watu wa Fungurume walihusika hata kidogo.

Habari ya pili kila mmoja wetu aijua kwa machozi. Jioni ya tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, walishushwa katika uwanja wa ndege wa Luano, unaopakana na mitaa yetu ya Annexe. Walikuwa wamepigwa tangu ndegeni. Walifungiwa saa chache katika nyumba iliyoitwa Villa Brouwez, wakapigwa tena, na usiku ule ule wakapelekwa porini, upande wa Shilatembo, njia ya Likasi, wakauawa kwa bunduki. Tarehe 13 Februari serikali ya Katanga ya siku zile ilitangaza kwamba wafungwa walikuwa wametoroka na kwamba wanakijiji ndio waliowaua. Haikuwa kweli, na kijiji chenyewe hakikutajwa jina. Mwaka wa 2000 Raoul Peck, mzaliwa wa Haiti aliyekaa Kongo utotoni, alionyesha sinema yake Lumumba. Ni kazi njema. Lakini nchi yetu ilikuwa vitani tangu mwaka wa 1998, na picha zilipigwa Zimbabwe na Msumbiji.

Habari ya tatu ni ya Likasi, mji ulioitwa zamani Jadotville. Mwezi wa Septemba 1961 askari zaidi ya 150 wa Ireland, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walikuwa wamewekwa huko chini ya mkubwa wao Pat Quinlan. Asubuhi ya tarehe 13, wengi wao walipokuwa katika Misa uwanjani, walishambuliwa na jeshi la Katanga pamoja na Wazungu wa kukodiwa. Walipigana siku tano. Wenzao walijaribu mara mbili kuwafikia kutoka Elisabethville, wakazuiwa kwenye daraja la mto Lufira. Risasi na maji vilipokwisha, Quinlan akasalimisha watu wake. Hakufa hata mmoja. Waliporudi kwao hawakupewa heshima. Wengine waliitwa waoga kwa sababu walijisalimisha. Quinlan alikufa mwaka wa 1997 bila kuona jina lake likisafishwa. Heshima ilikuja mwaka wa 2016, na nishani mwaka wa 2017. Katika mwaka ule wa 2016 ilitoka sinema The Siege of Jadotville, kazi ya Richie Smyth, ikaonekana duniani kote kwa njia ya Netflix. Nayo ilipigwa Afrika ya Kusini.

Vijana ninaowafundisha wameziona sinema hizo mbili za mwisho katika simu zao. Siku moja niliwauliza Likasi ni mji wa namna gani. Mmoja akanieleza vilima vikavu na majani ya manjano, kama alivyoona katika sinema. Kijana huyo amezaliwa Annexe, na Likasi iko kilometa kama 120 tu kutoka hapa. Mwingine alipotaka kuuchora uso wa Lumumba, alichora ule wa mchezaji Eriq Ebouaney. Siwalaumu. Mtu hujua alichoonyeshwa. Lakini nilifikiri: Mwingereza wa Lacock anaifikia kweli kwa kupitia sinema, na sisi tunaokaa juu ya kweli yenyewe tunaitazama kutoka mbali, kwa vilima vya watu wengine.

Basi, wakati wa kiangazi tulikusanya pesa kidogo kidogo, tukapanga taksi-basi, tukaondoka Jumamosi alfajiri, vijana 14 pamoja nami, na mama mmoja aliyekubali kutupikia bukari na samaki.

Tulianza njia ya Luano. Hatukupiga picha uwanjani, kwa kuwa haijuzu, bali tulisimama kando ya barabara nikawaeleza. Kisha tukaingia mjini, tukashuka Place de la Poste. Kila siku maelfu ya watu hupita hapo, hupatana kukutana hapo, hununua vocha za simu hapo. Niliwaambia vijana kwamba tarehe 13 Septemba 1961, siku ile ile ya Jadotville, watu walipigana na kufa kwa ajili ya posta hiyo. Wakaitazama nyumba kama watu wanaoiona mara ya kwanza, ingawa mmoja wao huuza vitu hapo kila juma.

Barabara ya Likasi imejaa malori ya shaba na ya asidi, na kando yake watu wa makala wanasukuma baiskeli zilizopakiwa mpaka juu ya kichwa. Karibu na kilometa 50 tulifika Shilatembo. Hapo ndipo, mwezi wa Juni 2022, lilipopitishwa sanduku lenye jino la Lumumba, baki la pekee la mwili wake. Polisi mmoja Mbelgiji, aliyekuwa miongoni mwa walioiharibu miili ile kwa asidi, alikuwa amelichukua kwao; Ubelgiji ililirudisha kwa watoto wa marehemu tarehe 20 Juni, nalo likazikwa Kinshasa tarehe 30. Vijana ambao njiani walikuwa wakiimba walinyamaza wenyewe, bila kuambiwa. Tukasali kwa ajili ya watu watatu waliouawa, nao wakanisihi nitaje majina yote matatu, kwa sababu hata sisi wa Katanga tunazoea kutaja moja tu.

Daraja la Lufira liliwapa vijana maswali mengi. Mto si mkubwa kama walivyodhani. Kijana mmoja alisimama akiutazama, akaniuliza: Mwalimu, na wale wa ng'ambo hii, waliokuwa wakizuia, walikuwa nani? Swali zuri. Walikuwamo Wazungu wa kukodiwa, lakini wengi walikuwa vijana wa Katanga, wana wa nchi hii, waliovalishwa nguo za kijeshi. Wao walikufa wengi, pale na Jadotville. Katika sinema wanakimbia na kuanguka, hawana jina wala mama. Lakini mama zao walikuwa hapa hapa, na wengine hawakupata kaburi la kulilia.

Tulirudi usiku. Jumapili alasiri vijana walitaka kumsimulia nkambo wangu, mama mzazi wa mama yangu, kwa maana walijua kwamba alikuwa mtu mzima mwaka wa 1961. Alikuwa ameketi juu ya mkeka nje ya nyumba, akichambua maharagwe. Wakamwonyesha kipande cha sinema ya Jadotville katika simu. Akatazama kwa makini mpaka mwisho, kisha akauliza: Na sisi, tumo humo?

Hatukuelewa. Ndipo akatueleza. Mwezi wa Agosti 1961, katika Elisabethville, Waluba walikuwa wakikamatwa na kupigwa. Wengi wakakimbilia kwa askari wa Umoja wa Mataifa kuomba ulinzi, na kwa majuma machache ikawa kambi ya watu zaidi ya 30,000, tena waliendelea kuongezeka. Nkambo wangu alikuwa na umri wa miaka 19, na mimba yake ya kwanza. Alitoka mtaa wa Kenya usiku pamoja na mume wake, akiwa na kitambaa kimoja na sufuria moja. Kambini walijenga kibanda kwa magunia na makaratasi ya masanduku. Walikata miti yote kwa kuni. Maji yalikuwa ya kugombania. Mvua zilipoanza, vibanda viliingia maji, watoto wadogo wakafa wengi. Na humo kambini, katika mvua hizo, alizaliwa mama yangu. Mwaka wa 1962 watu wengi wa kambi walirudishwa makwao, kwa gari moshi na kwa ndege. Nkambo wangu na mume wake walibaki, kwa ajili ya kazi yake.

Habari hizo nilikuwa nimezisikia nusu nusu tu. Hakuna mpiga sinema aliyekuja kuionyesha kambi ile. Nilipompeleka nkambo siku nyingine kwa taksi ili atuonyeshe mahali penyewe, alizungusha macho, akaona nyumba na maduka na kuta, akasema: Hapa, au pale. Miti ingalikuwapo ningalikwambia, lakini tuliikata sisi wenyewe.

Nilipowaambia wakubwa kadhaa wa mtaa kwamba nataka vijana waandike masimulizi ya namna hiyo, baba mmoja mwenye busara alinionya. Alisema: Mwalimu, usifukue. Tumekaa pamoja, kabila hili na lile, tunaoana, tunazikana. Ukianza kusema nani alimpiga nani mwaka wa 1961, watauliza na ya mwaka wa 1992, na vijana watatafuta wa kulipiza kisasi.

Neno hilo si la kudharau. Nimelifikiri siku nyingi. Katika Katanga tumekwisha kuona jinsi maneno yanavyoweza kuwatoa watu katika nyumba zao. Lakini nkambo wangu alikuwa na jambo jingine la kusema, nalo ndilo lililonipa jibu. Alipokimbia nyumba yake, aliacha mashini ya kushona, masufuria na nguo za ndoa. Jirani yake, mwanamke Mbemba, alivichukua vyote usiku ule kabla ya wezi, akavificha nyumbani kwake. Akavitunza muda wa miezi yote ile, na yeye mwenyewe angeweza kupata hatari kwa kutunza mali ya Waluba. Nkambo wangu aliporudi akiwa na mtoto mgongoni, jirani huyo alimrudishia kila kitu, hata sindano. Mashini hiyo ndiyo iliyowasomesha mama yangu na wadogo zake.

Tukinyamaza kabisa, tunauficha ubaya, ndiyo. Lakini mwanamke huyo naye tunamficha. Kijana anayesikia tu kwamba watu walipigana atatafuta adui. Kijana anayesikia pia habari za ile mashini ya kushona ana kitu cha kufuata. Nami naona kwamba masimulizi yanayotisha ni yale ya nusu, yanayonong'onwa nyumbani kwa kila kabila peke yake. Yakisemwa mbele ya wote, kwa majina na miaka, hayana sumu ile.

Tena tusidhani kwamba lazima tungoje Wazungu wa sinema au serikali. Tazameni jirani zetu wa Zambia. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akija kutafuta amani ya Katanga hii hii, ndege yake ilianguka porini karibu na Ndola, naye akafa pamoja na wenzake 15. Mahali hapo pana kumbukumbu na jumba dogo la makumbusho, na watoto wa shule huletwa kuelezwa. Mtu akitoka Lubumbashi asubuhi kupitia Kasumbalesa, aweza kufika siku ile ile.

Basi, wasomaji, mtu akiwa na pesa za kwenda Uingereza kuona Highclere na Lacock, aende, macho yake yafurahi. Na akiwa Lacock awaulize pia watawa walikuwa nani. Sisi ambao nauli yetu inaishia Likasi, tunayo kazi isiyohitaji ndege. Chukueni daftari. Nendeni kwa mzee aliyekuwa mtoto au kijana mwaka wa 1961, wa kabila lolote, aliyekuwa kambini na aliyekuwa mtaani, hata aliyevaa nguo za jeshi la Katanga. Mwulizeni alikaa wapi, alikula nini, nani alimtendea vibaya, na nani alimtendea vema. Andikeni mwaka, andikeni jina la mtaa, mwonyesheni mahali penyewe akiwa bado ana macho. Katika mtaa wetu tulikuwa na wazee wanne wa namna hiyo. Kabla mvua hazijaanza tumezika mmoja, na daftari lake lina kurasa tatu tu.